Waliosikiliza Wakiwa Nje



Wiki hii naomba tutafakari kwa kupitia wimbo usiomo katika kitabu chetu cha nyimbo. Unaitwa "Come Sunday", na mtunzi wake ni Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi wa Marekani. Najua wapo watakaoshangaa mchungaji kuleta habari za jazi katika tafakari ya wiki. Hao nawaomba wavumilie kidogo, maana wapo wachungaji walioshangaa kabla yao, nao wamo katika habari hii. Nitawafikia.

Tarehe 23 Januari 1943, Ellington na bendi yake walipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, ukumbi uliozoea okestra za muziki wa Ulaya. Dunia ilikuwa vitani, na mapato ya usiku ule yalikuwa yakienda kuwasaidia Warusi. Watu walizoea kumsikia Ellington kwa nyimbo za dakika tatu, za kuchezea dansi. Usiku ule aliwawekea mbele kazi ya dakika kama 45, aliyoiita "Black, Brown and Beige", akiwa na nia ya kusimulia kwa ala za muziki historia ya watu weusi wa Marekani tangu utumwani. Sehemu ya kwanza inaanza na kazi: ngoma inadunda, matarumbeta yanaitikia, unasikia mgongo ukipinda na kuinuka. Kisha kazi inanyamaza. Imefika Jumapili.

Ellington mwenyewe alieleza picha aliyokuwa nayo moyoni. Kuna kanisa, na ndani yake ibada inaendelea. Nje wamesimama wafanyakazi, watumwa, ambao hawakuruhusiwa kuingia. Wanatazama, wanasikiliza. Hicho kipande kinachoitwa "Come Sunday" ni ibada kama inavyosikika kwa mtu aliyesimama upande ule wa ukuta.

Hebu tukisikilize kidogo. Mwanzoni tromboni ya Juan Tizol na fidla ya Ray Nance zinapita kama watu wanaonong'onezana uani. Baadaye anaingia Johnny Hodges na saksofoni yake. Hodges alikuwa mtu mwenye uso mkavu; waliomwona jukwaani wanasema ungedhani anasubiri basi. Lakini sikiliza anavyoishika noti. Haigongi. Anaijia kutoka chini, anapanda taratibu, anaifikia, anatulia juu yake mpaka msikilizaji anasahau kupumua, ndipo anashuka kwenda kwa nyingine. Nyuma yake bendi nzima, watu waliolipwa kupiga kelele za furaha, wanacheza kwa sauti ya chini kabisa. Hakuna neno hata moja linaloimbwa, wala hakuna anayelalamika kwamba mlango umefungwa. Hata hivyo mlango uliofungwa unausikia.

Jambo la kwanza lililonigusa ni hilo: wimbo huu unaitazama ibada kutoka mahali ambapo sisi wahubiri hatusimami kamwe. Sisi tuko mimbarini. Tunachokiona ni viti, na tunahesabu waliokaa. Mwinjilisti Luka anatukumbusha kitu kidogo katika Matendo 16, anaposimulia usiku ule Paulo na Sila walipoomba na kuimba gerezani. Anaongeza kwamba wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Angeweza kuliacha hilo, tetemeko la nchi lilikuwa linakuja na habari ingekwenda vizuri bila wao. Luka hakuliacha. Alitaka tujue kwamba sifa ile ilikuwa na wasikilizaji upande wa pili wa ukuta, watu ambao hatuambiwi majina yao wala makosa yao.

Ellington alijua habari za kanisani vizuri kuliko wengi walivyomdhania. Alizaliwa Washington mwaka 1899, na utotoni Jumapili moja ilikuwa na makanisa mawili: la mama yake Daisy, aliyekuwa Mbaptisti, na la baba yake, la African Methodist Episcopal Zion. Hilo la baba lina historia inayohusu jambo letu moja kwa moja, kwa kuwa lilianzishwa New York mwaka 1796 na Wamethodisti weusi waliochoka kubaguliwa ndani ya kanisa la wazungu. Kwa hiyo mtoto huyu alikaa kila Jumapili katika jengo ambalo lisingekuwepo kama mlango mwingine ungefunguliwa sawasawa.

Sasa, ungetegemea wimbo wa namna hii ungeenea upesi. Haikuwa hivyo. Wahakiki wa muziki waliipokea kazi nzima kwa ubaridi. Wa muziki wa Ulaya walisema haina umbo, na mmoja wa watetezi wakubwa wa jazi aliuliza kama Ellington ameikimbia jazi. Aliipiga tena Boston na Cleveland, kisha akaiweka kando kama kazi kamili, akabaki kupiga vipande tu. Na hata kama watu wangetaka kuununua ule wimbo, haukuwepo sokoni. Tangu tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kilikuwa kimewakataza wanachama wake kurekodi. Sababu ilikuwa ya haki kabisa: santuri zilikuwa zikipigwa redioni na kwenye mabaa, wapigaji wakikosa kazi kwa sababu ya sauti zao wenyewe, wala hawakulipwa kitu kwa hilo. Mgomo ule ulidumu zaidi ya miaka miwili kwa makampuni makubwa. Usiku wa Carnegie ulinaswa kwenye sahani za binafsi tu, na umma haukuusikia mpaka zilipotolewa kama santuri mwaka 1977, mtunzi akiwa kaburini miaka mitatu.

Mgomo ulipokwisha, Desemba 1944, Ellington aliingia studio ya Victor na kurekodi dondoo tu. Kazi ya dakika 45 ikawa dakika kama 18, kwa sababu upande mmoja wa sahani ya siku zile haukubeba zaidi ya dakika nne au tano. "Come Sunday" ulipona. Hodges yumo, fidla ya Nance imo. Maneno bado hayapo.

Maneno yalikuja mwaka 1958, yaani miaka kumi na mitano baadaye, na yalimhitaji mwimbaji wake. Mahalia Jackson alizaliwa New Orleans mwaka 1911, akalelewa katika kanisa la Kibaptisti. Lakini jirani na nyumba yao palikuwa na kanisa dogo la watu wa utakatifu, lile lisilo na kinanda wala kwaya ya mavazi, lenye ngoma, matari, makofi na miguu. Mahalia hakuwa mshirika wao. Aliwasikia tu, akiwa nyumbani kwao, na alipokuwa mtu mzima alisema wazi kwamba mdundo wake aliupata kwa wale jirani. Nani angejua? Sidhani kama mchungaji wa kanisa lile aliwahi kuandika katika taarifa yake ya mwaka kwamba mtoto wa Kibaptisti wa nyumba ya pili anajifunza kumsifu Mungu kupitia dirishani.

Mahalia alikuwa na msimamo mkali. Alikataa kuimba kwenye klabu za usiku, alikataa kuimba bluzi, hata alipoahidiwa fedha nyingi. Ndiyo maana kukubali kwake kurekodi na bendi ya Ellington kulikuwa jambo zito. Walikutana studio ya Columbia, Los Angeles, Februari 1958. Hodges safari hii hakuwepo, na kwa kweli yule aliyezoea toleo la 1943 atamkosa. Lakini sauti iliyokaa mahali pake haikuwa ya kuazima. Maneno aliyoyaandika Ellington ni machache, ombi kwa Mungu awakumbuke watu wake, na Mahalia anayaimba bila haraka, kama mtu anayemjua anayeongea naye. Yanapokwisha, haachi. Anafumba mdomo na kuuvumisha wimbo tena, bila neno. Mimi husikiliza sehemu hiyo nikifikiri kwamba hapo ndipo wimbo unaporudi kwa wenyewe, kwa sababu mtu aliye nje ya ukuta hayasikii maneno vizuri. Husikia tuni, na kuifuata kwa kuguna.

Mtayarishaji wa santuri ile, Irving Townsend, alisimulia pia jinsi Ellington alivyomwambia Mahalia aje na Biblia yake. Alipofika wakaifungua Zaburi ya 23, Ellington akaanza kupiga, naye akaiimba kutoka ukurasani. Imo katika santuri hiyo hiyo. Wanakwaya wetu wanaosema hawawezi kuimba mpaka wapate mazoezi ya mwezi mzima waitafute.

Tangu hapo wimbo ukaanza kutembea wenyewe. Abbey Lincoln aliuimba mwaka 1959. Dizzy Gillespie aliupiga kwa tarumbeta mwaka uliofuata. Mwaka 1963 Eric Dolphy na Richard Davis waliurekodi wawili peke yao, klarineti ya besi na besi ya upinde, ala mbili za sauti ya chini zikizungumza kwa shida na kwa heshima. Dolphy alifariki mwaka mmoja baadaye, akiwa na miaka 36. Mwaka 2010 Hank Jones, mpiga piano mzee wa miaka 91, aliupiga pamoja na Charlie Haden wa besi, na miezi michache baadaye akafa. Santuri nzima ikapewa jina la wimbo huu.

Lakini ninachotaka mkitazame ni kile Ellington mwenyewe alichoufanyia. Mwaka 1963, Chicago, katika maonyesho ya kuadhimisha miaka mia tangu tangazo la kuwakomboa watumwa, aliichukua tuni ile ile ya polepole, akaikimbiza mara mbili, akampa mcheza dansi wa viatu vya kugonga, Bunny Briggs. Akaiita Daudi alicheza mbele za Bwana. Mnaijua habari yenyewe, 2 Samweli 6: Sanduku la Agano linaingia mjini, mfalme anaruka-ruka, na Mikali anamtazama kutoka dirishani, anamdharau. Angalieni jinsi mambo yanavyogeuka katika sura ile. Aliye ndani ya nyumba nzuri ndiye asiyeabudu. Ibada iko barabarani.

Tarehe 16 Septemba 1965 Ellington alialikwa Grace Cathedral, kanisa kuu la Kianglikana huko San Francisco, kufanya tamasha la muziki mtakatifu. "Come Sunday" ulikuwemo, ukaimbwa na Esther Marrow, na Briggs akacheza ndani ya kanisa kuu, viatu vikilia juu ya sakafu. Waliokuwa wamesimama nje katika ule muziki wa 1943, sasa walikuwa mbele ya madhabahu. Desemba mwaka ule ule wakafanya hivyo tena katika kanisa la Kipresbiteri la Fifth Avenue, New York.

Sasa tumewafikia wachungaji niliowataja. Desemba 1966 tamasha hilo lilipelekwa Washington, mji aliozaliwa Ellington, mji wa makanisa yale mawili ya utotoni. Mkutano wa wachungaji wa Kibaptisti wa mji ule ulipitisha azimio la kukataa kuliunga mkono. Walisema muziki wake ni wa kidunia mno, na maisha yake hayaendani na kile kanisa linachokisimamia. Wengi wa wachungaji wale walikuwa watu weusi, wajukuu wa wale waliosimama nje.

Sitawatupia mawe. Ninaijua kazi yao, na hoja yao haikuwa ya kubuni. Ellington alikula kwa kazi ya klabu za usiku tangu ujana, miaka kadhaa akipiga Cotton Club, Harlem, mahali ambapo weusi waliruhusiwa kutumbuiza na si kuketi kama wateja. Aliishi mbali na mke wake wa ndoa kwa miaka mingi bila talaka, akiwa na wanawake wengine. Mchungaji anayelinda kundi lake ana haki ya kuuliza maswali. Na sisi hapa tusijifanye wageni wa jambo hili: wazee wetu wanakumbuka ngoma ilivyozuiwa kuvuka kizingiti cha kanisa katika mitaa mingi, na gitaa la umeme lilivyoitwa la dansi kabla halijabatizwa. Leo tunaimba navyo na hatukumbuki tuligombania nini.

Hata hivyo naona wale ndugu walikosea, tena pakubwa. Mtu alikuja mlangoni na sadaka. Aliileta kwa chombo alichokijua, kile cha kazi yake, na aliileta akiwa na miaka 67, akiwa na sifa ya dunia nzima ambayo hakuhitaji kuongezewa na kanisa. Kama maisha yake yalikuwa na doa, basi ndiyo sababu zaidi ya kumkaribisha, maana sijui mlango mwingine ambao mtu wa namna hiyo hupelekwa. Katika Luka 18 mtoza ushuru alisimama mbali. Yesu haelezi kwamba maisha yake yalikuwa safi. Anaeleza tu ni nani aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki, na Farisayo aliyekuwa karibu na mbele hakuwa yeye.

Ellington hakuacha. Alifanya tamasha la pili mwaka 1968, la tatu Westminster Abbey, London, Oktoba 1973, akiwa tayari mgonjwa. Alifariki tarehe 24 Mei 1974. Siku ya mazishi kanisa kuu la St. John the Divine, New York, lilijaa watu wapatao 10,000, na waliokosa nafasi wakafuata ibada kwa vipaza sauti wakiwa nje. Mwaka 1989 Kanisa la United Methodist la Marekani lilipotoa kitabu chake kipya cha nyimbo, "Come Sunday" ulikuwemo, namba 728. Leo unaimbwa na watu walioketi vitini, wakiwa na kitabu mkononi.

Ndugu zangu, sisi tuna spika mbili zilizoelekezwa nje. Tulizichangia tukisema Injili iwafikie watu. Inawafikia. Vijana wa bodaboda walioegesha pale kwenye mwarobaini wanazijua tenzi zetu. Nimewasikia wakizipiga mluzi siku za wiki. Mlinzi wa jengo la jirani anajua Imani ya Mitume. Lakini wapo wengine walio nje ambao hatukuwafungulia spika, tuliwatoa wenyewe. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, tunamsimamisha kwaya, tunamtenga na meza ya Bwana mpaka siku ya kurudi kundini. Kijana aliyempa mimba, ikiwa hakutajwa, Jumapili inayofuata yuko kwenye kinanda. Yule mama aliyeolewa mke wa pili na hajafika madhabahuni kwa miaka, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kwa kweli anaimba sauti ya pili vizuri kuliko wengi wa waliovaa joho. Sisemi nidhamu ya kanisa ifutwe. Nasema wapo watu tuliowatoa na hakuna aliyekwenda kuwatazama tangu siku ile tuliyowatoa, na nidhamu isiyomfuata mtu nyumbani kwake ni kufunga mlango tu.

Somo letu la Jumapili ijayo ni Luka 18:9–14. Lisomeni nyumbani kabla ya kuja, na mwenye simu ya kutosha asikilize "Come Sunday" ya 1958 mpaka pale Mahalia anapofumba mdomo. Na kila anayemjua mtu wa mtaa wake aliyetengwa au aliyesimamishwa kwaya na hajatembelewa, amweleze mzee wa kanisa wa mtaa huo kwa siri kabla ya Ijumaa. Wiki inayofuata nitaanza kwenda kwao, na ningependa wazee wawili watatu tufuatane.